Kinda wa Bundi Akifika Mikononi Mwako

Ndugu zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumlea na kumlisha kinda wa bundi nyumbani. Najua baadhi yenu hamkuja kusikiliza tu. Mnaye tayari, yuko ndani ya boksi, na usiku uliopita hamkulala kwa kelele zake za njaa. Suala la chakula nitalieleza kwa urefu, maana hapo ndipo makinda wengi wanapofia. Ila lipo swali linalotangulia chakula, na nisipoanza nalo sitakuwa nimewatendea haki: huyo kinda kweli hana wazazi?

Mara nyingi anao. Makinda wa aina nyingi za bundi hutoka kiotoni siku kadhaa, wengine wiki kadhaa, kabla mbawa zao hazijaweza kuwabeba. Hutembea juu ya matawi, hurukaruka, hupepesuka, na hapo kuanguka ni jambo la kawaida. Akianguka hupanda tena mwenyewe: hushika gome la mti kwa makucha, hung'ata kwa mdomo, hupigapiga mbawa, na kidogo kidogo anafika juu. Mchana wote wazazi wako jirani, wametulia kwenye majani, huwaoni. Giza likiingia humletea chakula popote alipo kwa kuifuata sauti yake. Sasa mpita njia anamkuta asubuhi chini ya mti, manyoya yamevurugika, macho makubwa, peke yake. Huruma inamshika, anamfunga kwenye kitambaa, anakwenda naye nyumbani. Nia yake ni njema kabisa, lakini amechukua mtoto wa wenyewe, na usiku ule wazazi watakuja na panya mdomoni wasimkute.

Kwa hiyo ukimkuta, mtazame kwanza. Je, macho yamefunguka? Anasimama? Anakugongea mdomo na kujitutumua ili akutishe? Huyo ni mzima na anajua kujitetea. Kama yuko mahali pa hatari, barabarani au penye mbwa na paka, mwinue umweke kwenye tawi la karibu, juu kiasi, kisha ondoka. Usihofu eti mama atamkataa kwa sababu ameguswa na mkono wa mtu. Maneno hayo husemwa sana na si ya kweli. Ndege hawatupi mtoto kwa sababu hiyo, na bundi anamtambua mwanawe kwa sauti na kwa kumwona.

Akiwa mdogo mno kushika tawi, na kiota unakiona na unakifikia kwa usalama, mrudishe kiotoni. Kama kiota kimeanguka, tafuta kikapu chenye matundu chini ili maji ya mvua yasituame, tandika nyasi kavu, ukifunge imara kwenye mti uleule. Kisha kaa mbali, mbali kweli, uangalie kuanzia magharibi. Watu wengi hushindwa hapa. Wanakaa hatua kumi kutoka kwenye mti, wanawasha tochi kila dakika, halafu wanasema wazazi hawakuja.

Yupo bundi mmoja ambaye kanuni hii haimfai sana: yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayezalia kwenye maghala, mapango na dari za majengo. Makinda wake hukaa kiotoni kama miezi miwili, na anayeanguka chini mapema huenda wazazi wasimlishe hapo alipo. Huyo arudishwe alikotoka haraka. Na kinda yeyote mwenye damu, ubawa unaoning'inia, mayai ya nzi kwenye manyoya, au aliyewahi kuwa mdomoni mwa paka, huyo apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Jino la paka huacha tundu dogo lisiloonekana, lakini vijidudu vyake vinaingia kwenye damu, na ndege anayeonekana mzima leo anaweza kufa kesho kutwa.

Tuseme basi umehakikisha hana wazazi, au ni mgonjwa, na yuko mikononi mwako mpaka mtaalamu apatikane. Kwanza ni joto. Chakula kitasubiri. Kinda mwenye baridi hawezi kumeng'enya, na ukimlisha akiwa wa baridi, nyama itaozea tumboni. Mweke kwenye boksi la karatasi ngumu lenye matundu ya hewa. Chini tandika taulo lililokunjwakunjwa ili vidole vipate cha kushika. Sakafu laini inayoteleza huifanya miguu ya kinda itanuke kushoto na kulia, na ikishazoea hivyo ni vigumu kuirudisha. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja tu wa boksi, ili akizidiwa na joto asogee. Akihema mdomo wazi na kutanua mbawa, joto limezidi. Akijikunyata na miguu yake ikawa baridi ukiigusa, halijatosha. Kisha funika, weka mahali penye giza, na zima redio. Bundi wa uso wa moyo anaweza kumkamata panya gizani totoro kwa masikio peke yake. Fikiria basi masikio hayo yanavyoipokea televisheni yako.

Usimmiminie maji mdomoni. Tundu la pumzi la ndege liko pale nyuma ya ulimi, wazi, na tone moja likipita njia isiyo yake linaingia mapafuni. Maji yake bundi huyapata ndani ya windo. Kama amekaukiwa, na utamjua kwa macho yaliyodidimia na ngozi inayobaki imesimama ukiifinya kidogo, hiyo ni kazi ya daktari kwa sindano chini ya ngozi.

Sasa chakula.

Bundi hula mnyama mzima. Humla panya na nyama yake, ini lake, mifupa yake, ngozi na manyoya yake. Aina ndogo za bundi hula panzi, mende na nondo kwa wingi, tena wazimawazima. Kila sehemu ya windo ina kazi mwilini mwa kinda. Nyama ya buchani, hata ikiwa nzuri kiasi gani, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Ukimlisha nyama tupu, mwili wake utatafuta kalsiamu mahali pengine, na mahali penyewe ni mifupa yake mwenyewe, ile inayokua haraka wiki hizohizo. Miguu inapinda, anapata matege, mfupa wa ubawa unavunjika kwa kujipigapiga tu. Nimewahi kupokea kinda wa namna hii. Alikuwa mnene, msafi, anapendwa, alilishwa nyama laini iliyosagwa mara sita kwa siku, na hakuweza kusimama. Waliomleta walikuwa wamejinyima ili ale vizuri. Ndiyo maana nalirudia jambo hili kila ninapopata watu wa kunisikiliza.

Mkate uliolowekwa kwenye maziwa usimpe kabisa. Ndege hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na ngano si chakula cha mla nyama. Usimpe nyama iliyopikwa, wala yenye chumvi, wala soseji. Mfupa mbichi wa panya mdogo ni laini, lakini ukipikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Anachofaa kupewa ni panya waliofugwa kwa kazi hiyo, au vifaranga wa siku moja, waliouawa tayari. Vikiwa vimegandishwa, viyeyushwe kabisa mpaka ndani, vipashwe joto kwa kuzamisha mfuko kwenye maji ya vuguvugu, na visiwekwe motoni. Kilichobaki baada ya mlo kitupwe, kisirudishwe kwenye jokofu. Njiwa usimpe, kwa sababu hubeba vimelea vinavyoota vidonda vyeupe kooni mwa bundi.

Na panya uliyemkuta amekufa, au anayetembea mchana akiyumba, usimpe hata kama kinda analia njaa. Sumu nyingi za panya za siku hizi, kama brodifakumu, huzuia damu kuganda. Panya akiila hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa akizurura na sumu mwilini, mzito, rahisi kukamatwa. Bundi anayemla naye huvuja damu kwa ndani. Bundi wazima wengi hupoteza maisha kwa njia hii porini, na haitakuwa haki kinda aliyeokoka kuanguka auawe na sahani yako.

Jinsi ya kumlisha ni jambo linalohitaji subira, na kwangu mimi ndilo linalovutia kuliko yote. Ukimwekea kipande cha panya mbele ya macho, kinda anaweza asijue kama kipo. Macho ya bundi ni makubwa, yameumbwa kama mirija, hayazunguki ndani ya kichwa, ndiyo maana hugeuza shingo yote. Yanaona mbali ajabu, lakini kitu kilicho karibu na mdomo hakionekani sawasawa. Badala yake kuzunguka mdomo kuna vinyoya vyembamba kama sharubu, navyo ndivyo vinavyomwambia hapa pana chakula. Shika kipande kwa kibano kisicho na ncha kali, kiguse taratibu pembeni mwa mdomo kwenye vile vinyoya. Kwanza hafanyi kitu. Gusa tena. Ghafla kichwa kinageuka, mdomo unakamata, macho yanafumba, na kipande kinashuka. Hufumba macho kila anapomeza. Usimlazimishe kwa kumpanua mdomo, maana taya la kinda ni laini.

Wa siku za mwanzo, ambaye macho hayajafunguka, apewe vipande vidogo vilivyotolewa manyoya, matumbo na meno, lakini mifupa midogo ibaki imepondwapondwa ndani yake. Alishwe kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Akifika wiki mbili hivi anza kumwachia manyoya na ngozi. Akikua zaidi, milo ipungue idadi na ikue ukubwa, isogezwe jioni na usiku kwa kuwa ndiyo saa zake. Akishaweza kumeza panya mzima, mwache ammeze mzima, akianzia kichwa.

Watu wengi wanashtushwa na kinachotokea baada ya mlo. Kuku akila, chakula hukaa kwanza kwenye gole. Bundi hana gole. Chakula kinashuka moja kwa moja tumboni, nyama inayeyuka, na manyoya pamoja na mifupa isiyoyeyuka vinabanwa kwenye firigisi kuwa donge. Saa kadhaa baadaye kinda anakuwa kama anayeumwa: anafumba macho, ananyoosha shingo, anatikisa kichwa, anapiga miayo, halafu linatoka donge la kijivu lenye unyevu. Hakutapika kwa ugonjwa, huko ni kumaliza mlo. Kinda anayekula windo zima asipewe mlo mwingine kabla donge la kwanza halijatoka. Siku nyingi zikipita bila donge wakati anakula manyoya, mpeleke kwa daktari. Kuhusu choo, cha kawaida ni cheupe chenye doa jeusi. Ila mara mojamoja hutoka cha kahawia, kizito, chenye harufu kali kuliko unavyotegemea. Hicho nacho ni cha kawaida kwa bundi. Usimpe dawa ya kuharisha.

Anakula kiasi gani? Inategemea aina. Kinda wa yule bundi wa uso wa moyo, akiwa katika kukua kwa kasi, anaweza kumaliza panya wadogo watatu au wanne kwa usiku mmoja, na hufika wakati anawazidi wazazi wake uzito. Kisha, kabla ya kuruka, hamu ya kula inashuka na uzito unapungua. Usimshindilie chakula kwa hofu. Hajaugua, anajiandaa kuruka. Mnunulie mizani ndogo, mpime kila siku saa ileile, na uandike. Njaa ya mwanzo, tofauti na hii ya mwisho, huacha alama. Unyoya unaokua siku ambayo kinda hakula hubaki na mstari mwembamba uliopauka, umekatiza upande hadi upande, na miezi mingi baadaye unyoya huvunjika palepale.

Kwa ajili ya manyoya hayohayo, usimweke kwenye kizimba cha nyaya. Kingo za manyoya ya mbawa za bundi zina nyuzi laini zinazomwezesha kuruka bila sauti. Akijigonga kwenye nyaya zinakatika, na bundi anayesikika hewani hapati chakula.

Nimesema mengi juu ya tumbo. Lakini kinda anaweza kushiba, akawa na mifupa imara na manyoya mazuri, na bado akawa ameharibika moja kwa moja, kwa sababu ya uso wa aliyemlisha.

Konrad Lorenz alionyesha kwa mabata bukini kwamba kifaranga humshika kama mzazi yule anayemwona katika siku zake za mwanzo, hata akiwa binadamu. Kwa kazi zake juu ya tabia za wanyama alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Bundi naye yuko hivyo. Macho yake yanapofunguka na kuanza kuona vizuri, anayemletea chakula ndiye anayekuwa mfano wa jamii yake. Ikiwa ni wewe, basi yeye kwa ufahamu wake ni mtu. Na hili halifutiki baadaye kwa kumwacha porini.

Watu husikia habari hii wakaiona tamu: bundi anayekupenda, anakuja begani. Sikilizeni mwisho wake. Anapopevuka hatafuti mwenza wa aina yake, anakutafuta wewe. Anakuita usiku kucha. Anakuletea panya na kutaka umeze. Anamvamia mgeni anayeingia nyumbani kwa sababu kwake huyo ni mpinzani, na makucha yake yanalenga uso. Ukimwachia huru, atashuka kwa watu wasiomjua kuomba chakula, nao watampiga. Na katika kifungo bundi anaweza kuishi miaka zaidi ya 20.

Mwaka 1850 Florence Nightingale, muuguzi yule maarufu wa Uingereza, alimwokoa kinda wa bundi aliyekuwa ameanguka kutoka kiotoni kwenye magofu ya Parthenon, hekalu la kale mjini Athens. Alimwita Athena, akamfuga, akawa anatembea naye mfukoni. Mapenzi yalikuwa ya kweli, sina shaka. Lakini zilipofika pilikapilika za safari ya kwenda kuuguza askari wa vita vya Crimea, ndege yule aliachwa darini, na hakuwa na namna ya kujilisha. Alikufa. Mwili wake uliokaushwa umehifadhiwa London, kwenye makumbusho ya Nightingale. Mimi simlaumu mama yule. Wakati wake hakukuwa na aliyejua zaidi. Sisi tunajua.

Kwa hiyo, wakati unamlisha, funika uso wako kwa kitambaa. Tumia kibano kirefu kinachopita kwenye tundu la boksi, au kikaragosi cha mkononi chenye sura ya bundi. Usizungumze naye, usimpe jina, usiwaite watoto wambebe wapige naye picha. Najua ni vigumu, hasa kwa watoto. Waambieni ukweli: yeye anatuogopa, na tunataka aendelee kutuogopa.

Na kubwa kuliko hayo, asikae peke yake. Vituo vya kuwatunza ndege pori huwaweka makinda wa aina moja pamoja, na vingine vina bundi mzima asiyeweza kuruka tena ambaye huwalea makinda wa wengine kama wake. Penye kiota cha aina ileile chenye makinda wa umri uleule, kinda mgeni anaweza kuongezwa, na mama humlisha pamoja na wanawe. Hakuna kibano wala kikaragosi kinachoifikia njia hiyo. Mpigie simu mtu wa kituo, au daktari wa wanyama, au ofisi ya wanyamapori, siku ileile uliyompata kinda. Katika nchi nyingi ni kosa kumfuga bundi bila kibali hata kama ulimwokota, na bundi wote wako katika orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, CITES. Kupiga simu mapema kunakulinda nawe pia.

Zamani nilikuwa naulizwa, je, siwezi kumfundisha kuwinda uani kwangu? Jibu liko kwenye masikio yake. Mtafiti Eric Knudsen wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwaziba bundi wachanga sikio moja. Mwanzo walikosea kujua sauti inatoka wapi, lakini baada ya wiki kadhaa wakajirekebisha. Waliozibwa wakiwa wakubwa hawakuweza kujirekebisha vivyo hivyo. Yaani ramani ya sauti kichwani mwa bundi inachorwa utotoni, kwa kusikia na kuona vitu halisi vikitembea mahali halisi. Kinda anayekulia chumbani anahitaji, kabla siku zake hazijapita, banda kubwa la nje lenye matawi, nyasi, upepo na windo linalokimbia. Huko watunzaji humwangalia kama anakamata mwenyewe usiku baada ya usiku. Akishindwa haachiwi.

Akifaulu, hapelekwi porini akamwagwa. Boksi lake huwekwa juu, mahali atakapoishi, akilishwa ndani yake kwa siku kadhaa bila kuona watu. Kisha mlango unafunguliwa jioni na kuachwa wazi. Chakula kinaendelea kuwekwa palepale kila magharibi, kwa wiki kadhaa, kwa maana hata wazazi wake wangeendelea kumlisha baada ya kuruka. Usiku wa kwanza wengine hawatoki. Wengine hutoka wakarudi kula, wakatoka tena. Sahani ikianza kubaki bila kuguswa, na nyayo za paka hazipo, punguza polepole.

Mezani pale nimeweka madonge yaliyokaushwa, vibano vya kuyapasulia na karatasi nyeupe. Ndani mtakuta mafuvu ya panya na taya zenye meno ya rangi ya chungwa. Wenye makinda nyumbani waanze kuja kwangu kwanza, na mnieleze tangu jana amekula nini.